Mwongozo Kamili: Kutunga Ibada Mpya ya Kiyahudi kwa Tukio Ambalo Siduri Haina, kwa Mfano wa Kustaafu Kazi

Siduri, kitabu cha sala cha Wayahudi, ina baraka ya kuona upinde wa mvua, ya kunusa viungo, ya kula tunda jipya la msimu, hata ya kutoka msalani. Haina ibada ya siku ya mwisho kazini. Haina ya mtoto kuondoka nyumbani kwenda chuo, wala ya kuuza nyumba ya wazazi waliofariki. Familia na jumuiya nyingi hujaribu kujaza nafasi hizo zenyewe, na rasimu zao huanguka mahali palepale: mwandishi huanza na shairi refu, huongeza mshumaa kwa sababu mishumaa inapendeza, kisha hufunga kwa baraka ambayo hana ruhusa ya kuitamka. Waliohudhuria huondoka wakisema ilikuwa hotuba nzuri.

Mwongozo huu unafuata njia ya kinyume. Kwanza tafuta mfupa wa zamani, yaani andiko la kujengea, kisha tendo moja, kisha baraka iliyo halali. Maneno yako mapya yanakuja mwisho, tena machache. Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo: mwalimu wa shule ya msingi anayestaafu akiwa na miaka 60. Tumwite Mwalimu Miriamu.

## Vitu vya kuandaa

Vitabu na zana za kuandikia

- Siduri ya jumuiya yako, si ya jumuiya nyingine. Maneno hutofautiana kati ya nusakhi (mapokeo ya sala) za Ashkenazi, Sefardi na zile za jumuiya za mageuzi.
- Tanakh (Maandiko Matakatifu ya Kiyahudi) ya Kiebrania na Biblia ya Kiswahili. Maktaba ya mtandaoni ya Sefaria ina Tanakh, Mishna na Talmudi (mkusanyo wa sheria za marabi na majadiliano juu yake) na wafafanuzi bila malipo.
- Kalenda ya Kiyahudi. Tovuti ya Hebcal hubadilisha tarehe za kawaida kuwa za Kiebrania.
- Daftari la rasimu na kalamu nyekundu. Utakata zaidi ya utakavyoandika.

Vitu vya siku yenyewe, kwa watu 15 hadi 30

- Kikombe cha divai chenye ujazo wa mililita 150. Kipimo cha chini kinachotakiwa ni revi'it moja, kipimo cha kale cha vimiminika. Rabi Avraham Chaim Naeh aliikadiria kuwa mililita 86, rabi aitwaye Chazon Ish akasema 150. Ukichukua 150 umeridhisha pande zote mbili.
- Chupa moja ya divai au juisi ya zabibu iliyo kosher, yaani halali kwa sheria ya Kiyahudi.
- Bakuli dogo lenye vijiko viwili vya karafuu nzima na vijiti viwili vya mdalasini.
- Tunda la msimu ambalo mlengwa (anayefanyiwa ibada) hajalila tangu msimu ulipoanza.
- Ufunguo au kifaa kimoja cha kazi anayoiacha.
- Karatasi za ibada, nakala moja kwa kila watu wawili, herufi za ukubwa wa 14.

Divai ya kosher ni tabu kupatikana katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Divai ya zabibu kavu inakubalika kwa kidushi, baraka ya kuitakasa Sabato juu ya divai (Talmudi, Bava Batra 97b). Loweka gramu 500 za zabibu kavu zisizopakwa mafuta katika lita 1 ya maji kwa siku 3, kwenye chombo kilichofunikwa ndani ya friji. Kamua, chuja kwa kitambaa safi, tumia ndani ya siku mbili. Zabibu zilizokauka kabisa hadi hazitoi unyevu zikibanwa hazifai: utakachopata ni maji matamu, si divai.

## Hatua ya 1: Hakikisha ibada haipo tayari

Hatua hii inarukwa kuliko zote, na ndiyo inayookoa kazi nyingi zaidi.

Aliyepona ugonjwa mzito, aliyevuka bahari au jangwa, na aliyetoka kifungoni ana baraka yake, Birkat ha-Gomel. Talmudi imewataja wote wanne (Berakhot 54b). Husemwa mbele ya watu kumi, kwa kawaida wakati wa kusoma Torati, na kusanyiko lina jibu lake lililopangwa. Anayehamia nyumba mpya ana mezuza, kibweta chenye karatasi ya Torati cha kubandika mlangoni: ugenini huibandika ndani ya siku 30, upande wa kulia wa anayeingia, mwanzo wa theluthi ya juu ya mwimo. Aliyepata habari mbaya ana baraka ya Dayan ha-Emet, "Hakimu wa kweli". Mambo haya hayahitaji mtunzi, yanahitaji mtu wa kufungua ukurasa.

Kuna pia mambo yanayohitaji sheria kabla ya sherehe. Ibada ya kuiaga ndoa iliyovunjika haichukui nafasi ya *get*, hati ya talaka. Sherehe ya kumkaribisha mgeni katika jumuiya haimfanyi kuwa Myahudi. Ukiziandaa kana kwamba zinatosha, utamwachia mtu tatizo litakalomrudia miaka kadhaa baadaye, siku anapotaka kuoa au kuolewa tena.

Kustaafu hakumo katika orodha yoyote kati ya hizi. Endelea.

## Hatua ya 2: Andika nia katika sentensi moja

Nia, *kavana*, ni sentensi inayosema nani anatoka wapi kwenda wapi. Kwa Mwalimu Miriamu: "Anaacha darasa, haachi kufundisha." Basi. Kila kitu ndani ya ibada kitapimwa kwa sentensi hiyo, na kisichoipa nguvu kitatoka.

Rasimu nyingi hapa hubeba nia tatu kwa pamoja: kumshukuru mstaafu, kumwombea afya, kuwahimiza vijana waipende kazi. Mbili za mwisho zina mahali pake kwenye hotuba za chakula.

Tahadhari moja: mwulize mlengwa mwenyewe. Kuna mtu anayestaafu kwa furaha na kuna aliyepunguzwa kazini, na ibada ya shangwe kwa mtu wa pili ni ukatili. Mishna inafundisha kwamba mtu hubariki juu ya baya kama anavyobariki juu ya jema (Berakhot 9:5), lakini hakuna mahali inaposema alibatize baya kwa jina la jema.

Utajua hatua imekamilika pale mlengwa anapoisikia sentensi na kusema "Ndiyo, ni hivyo," bila kuongeza "lakini."

## Hatua ya 3: Tafuta mfupa katika Torati

Ibada isiyo na andiko hubaki kuwa wazo la mtu mmoja. Yenye andiko humsimamisha mlengwa katika mstari wa watu waliomtangulia.

Usitafute kwa neno. Ukitafuta "kustaafu" hutapata kitu. Tafuta kwa hali: ni nani ndani ya Tanakh aliyeacha kazi akiwa hai? Jibu liko Hesabu 8:23–26. Walawi waliingia utumishi wa hema wakiwa na miaka 25, na walipofika 50 waliacha kazi. Hata hivyo waliendelea kuhudumu pamoja na ndugu zao katika kulinda.

Sasa soma wafafanuzi, maana ndiko tendo la ibada linakojificha. Rashi, mfafanuzi mkuu wa karne ya 11, anaeleza kwamba kazi iliyoachwa na Mlawi wa miaka 50 ilikuwa ya kubeba begani. Alirudi kufunga malango, kuimba na kupakia magari ya kukokotwa. Talmudi (Hulin 24a) inaongeza kwamba ukomo wa umri ulihusu wakati wa kubeba begani tu. Shilo na Yerusalemu, kwenye nyumba ya kudumu, Mlawi aliondolewa pale tu sauti yake ilipoharibika.

Kwa mwalimu, hiki ni chakula kilichokwisha pikwa. Mzigo wa begani umekwisha, sauti ipo, na kuna malango ya kufunga.

Matukio mengine yana mifupa yake. Kumwachisha mtoto ziwa: Mwanzo 21:8, Avrahamu alifanya karamu kubwa siku Yitzhaki alipoachishwa. Mwanamke anayesubiri mtoto kwa miaka: Hana katika 1 Samweli 1, midomo ikicheza na sauti isisikike. Uzee: Zaburi 71:9, ombi la kutotupwa wakati wa uzee.

Angalia namba za aya. Katika zaburi nyingi Kiebrania huhesabu kichwa cha zaburi kuwa aya, Biblia ya Kiswahili haihesabu. "Uniumbie moyo safi" ni Zaburi 51:10 kwa Kiswahili lakini 51:12 kwa Kiebrania. Usipoliandika hilo kwenye karatasi, nusu ya wasomaji watakuwa aya mbili nyuma.

Soma pia muktadha mzima wa andiko ulilochagua. Aya nzuri iliyokatwa katikati ya laana itatambuliwa na mtu mmoja mwenye kujua, na huyo mtu huwa hakosi kuja.

## Hatua ya 4: Chagua tendo moja

Moja. Mshumaa, maji, udongo, kamba na jiwe kwa siku moja huwafanya watu waangalie karatasi kutafuta kinachofuata, badala ya kumwangalia mlengwa.

Tendo zuri lina sifa tatu: linatoka katika andiko, linaonekana na aliyesimama nyuma kabisa, na halihitaji kuelezwa likifanyika. Kwa Mwalimu Miriamu: anafunga mlango wa chumba kwa mkono wake, anafunga kitasa, kisha anamkabidhi ufunguo mwalimu kijana kuliko wote waliohudhuria. Kufunga malango, kama Walawi.

Baada ya hapo ananusa bakuli la karafuu na mdalasini, na bakuli linazunguka kwa wote. Viungo vinatokana na Havdala, ambapo hunuswa kuifariji nafsi Sabato inapoondoka. Usichukue Havdala yote, wala baraka yake ya kutenganisha kitakatifu na cha kawaida. Hiyo ni ya mwisho wa Sabato, haikodishwi kwa matukio mengine.

Neno kuhusu maji. Wengi hupenda kuzamia mikve, bwawa la utakaso, baada ya matibabu makali, baada ya talaka au mwanzo wa maisha mapya. Kituo cha Mayyim Hayyim huko Newton, Massachusetts, kilichofunguliwa mwaka 2004, kimelifanya jambo hili kuwa la kawaida Marekani. Pwani yetu haina mabwawa hayo lakini ina Bahari ya Hindi, na Mishna (Mikvaot 5:4) inazihesabu bahari kuwa mikve. Nenda maji yakiwa yamejaa, si yakitoka, na usiende peke yako: awepo msimamizi wa jinsia moja na mzamiaji, anayejua kuogelea. Kwa mzamo usio wa faradhi, jumuiya za Kiorthodoksi hazisemi baraka ya kuzamia, husomwa zaburi.

## Hatua ya 5: Baraka, mahali ambapo rasimu nyingi huvunjika

Baraka ya Kiyahudi ina mwanzo wake: *Barukh Ata Adonai, Eloheinu Melekh ha-olam*, "Umebarikiwa, Bwana Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu". Talmudi inajadili kwamba isiyotaja Jina la Mungu si baraka, na isiyotaja Ufalme wake si baraka (Berakhot 40b). Upande wa pili, anayetamka baraka isiyohitajika anahesabiwa kulitaja Jina bure (Berakhot 33a). Kwa hiyo huwezi kuandika "Barukh Ata Adonai… aliyewapa wastaafu pumziko" na kudhani umemaliza. Jumuiya za Reform na Reconstructionist huruhusu baraka mpya kamili. Za Kiorthodoksi haziruhusu. Nyingine ziko katikati. Mwulize rabi wako kabla ya kuchapa karatasi, si asubuhi ya ibada.

Zipo njia nne zinazokubalika katika jumuiya nyingi. Tumezipanga kwa jinsi tunavyozipenda.

Njia ya kwanza: tengeneza hali inayostahili baraka ya zamani. Hii ndiyo bora. Mtu akinusa viungo siku yoyote ana baraka halali: *…borei minei vesamim*, "muumba wa aina za viungo". Karafuu peke yake ina mjadala wa baraka ipi itumike kwa kuwa inatoka mtini. Ukiichanganya na mdalasini, baraka hii ya jumla inatosha. Viungo viwekwe bakulini kwa ajili ya kunuswa. Marashi ya kuficha harufu mbaya hayana baraka, na manukato ya kemikali yana mabishano, kwa hiyo yaache.

Vivyo hivyo kwa Shehekheyanu, baraka ya kufikishwa wakati mpya (*…shehekheyanu ve-kiyemanu ve-higi'anu la-zeman ha-ze*). Watu hujiuliza kama kustaafu kunaistahili. Badala ya kubishana, leta tunda jipya la msimu, kama ifanyikavyo usiku wa pili wa Rosh ha-Shana (mwaka mpya), na baraka inasimama bila shaka. Embe la kwanza la msimu linafaa, zambarau pia. Ndizi na papai hazifai kwa sababu zipo sokoni mwaka mzima. Kuhusu ipi itangulie, baraka ya tunda au Shehekheyanu, fuata desturi ya jumuiya yako.

Njia ya pili: baraka bila Jina na Ufalme. Mfano upo tayari. Baba wa mtoto anayefikia bar mitzva, umri wa kuwajibika kwa amri, husema *Barukh shepetarani…*, na Rabi Moshe Isserles alielekeza isemwe bila Jina na Ufalme (Orah Hayim 225). Nawe unaweza kuandika "Abarikiwe aliyenifikisha…" na kuendelea kwa Kiswahili.

Njia ya tatu: tumia aya. 1 Mambo ya Nyakati 29:10 ina maneno ya Daudi yanayoanza *Barukh Ata Adonai Elohei Yisrael avinu*. Ukiisoma kama aya, umesoma Tanakh.

Njia ya nne: Mi Sheberakh, "Yeye aliyewabariki". Hii si baraka ya mwanzo ule, ni fomula inayokubali jina la mtu na sababu yoyote njema. Tutaifikia hatua ya 7.

Onyo la mazoezi: mnapojaribu ibada kabla ya siku, semeni "Hashem" ("Lile Jina") mahali pa Jina lenyewe. Onyo la siku yenyewe: kati ya baraka na kuonja au kunusa hakuna neno. Mpiga picha anayesema "Subiri, rudia kidogo nipate vizuri" ameikata baraka. Mwambie mapema.

## Hatua ya 6: Andika sala mpya

Sasa ndipo kalamu yako inaingia. Maneno 60 hadi 100 yanatosha.

Lugha. Mishna (Sota 7:1) inaihesabu sala miongoni mwa mambo yanayosemwa kwa lugha yoyote. Andika kwa Kiswahili bila wasiwasi, na uache kwa Kiebrania baraka za zamani na jibu la kusanyiko.

Mpangilio. Sifa kwanza, ombi katikati, shukrani mwishoni. Huo ndio mpangilio wa Amida, sala kuu ya kila siku (Berakhot 34a). Sifa iwe moja, inayolingana na tukio. Kuna mtu aliyesali mbele ya Rabi Hanina akirundika sifa moja juu ya nyingine. Rabi akamngoja amalize, akamwuliza kama sasa amezimaliza sifa zote za Bwana wake (Berakhot 33b). Kiswahili chetu cha dua kinapenda sana kurundika: Mkuu, Mtukufu, Mwenye enzi, Mfalme wa wafalme. Chagua moja.

Usiombe yaliyopita. Mishna (Berakhot 9:3) inatoa mfano wa mtu anayesikia kilio mjini na kuomba kisiwe cha nyumba yake. Kilio kimekwisha kutoka mahali kinapotoka. Hiyo ni sala ya bure. "Tunaomba miaka yake 35 ya kazi iwe imekuwa na matunda" ni sala ya aina hiyohiyo. Miaka imepita: ishukuru au ililie, usiiombee ibadilike.

Sema kwa wingi. Abaye, mmoja wa marabi wa Talmudi, alifundisha mtu ajiunge na umma anaposali (Berakhot 29b–30a). Kuna mstari mmoja angalau ambapo kusanyiko linajiombea lenyewe.

Epuka maneno yenye mwenyewe. Kiswahili cha ibada kimekuzwa kanisani na msikitini. "Roho Mtakatifu" ina asili katika maandiko ya Kiebrania, lakini msikilizaji wa Kiswahili atasikia Utatu. "Katika jina la…" mwishoni mwa sala itamfanya mtu amalizie mwenyewe. Ziache zote mbili. Kwa kuitikia, chagua "Amen" au "Amina" na uchapishe hilohilo kila mahali.

Hii hapa sala ya Mwalimu Miriamu:

> Mungu wa Avraham na Sara, uliyemwita Mlawi kazini na ukampangia siku ya kuutua mzigo,
> yuko mbele zako Miriamu, aliyewafundisha watoto kusoma.
> Chaki imetoka mkononi mwake leo. Sauti yake bado ni nzima.
> Umpe asubuhi zisizo na kengele, zisiwe tupu.
> Utupe sisi masikio ya kumwuliza, naye subira ya kutujibu.
> Kwa watoto waliojua herufi kwa kinywa chake, tunakushukuru.
> Kazi ya mikono yake uithibitishe. Amen.

Mstari wa kwanza ni sifa, na umebeba andiko. "Sauti" imetoka Hulin. Mstari wa tano ni wa kusanyiko. Wa mwisho unatoka Zaburi 90:17, ambapo sala hufungwa kwa kuomba kazi ya mikono ithibitishwe. Hakuna "hekima," "safari ya maisha" wala "sura mpya". Maneno hayo yangefaa mstaafu yeyote duniani, kwa hiyo hayamfai Miriamu.

Jaribio: ondoa jina lake, weka la mstaafu wa benki. Sala ikibaki kuwa sawa, bado hujaiandika.

## Hatua ya 7: Wape watu kazi

Kusanyiko lisilo na neno la kusema ni hadhira. Lipe mambo matatu: wimbo wa kufungulia, jibu fupi, na Mi Sheberakh.

Umbo la Mi Sheberakh ni hili: *Mi sheberakh avoteinu Avraham, Yitzhak ve-Ya'akov, ve-imoteinu Sara, Rivka, Rahel ve-Lea, hu yevarekh et Miriam bat Yosef ve-Lea…* Endelea kwa Kiswahili kutaja sababu na ombi, funga kwa *ve-nomar amen*. Jumuiya zisizotaja mama hao huwaacha. Na nyingi humtaja mtu kwa jina la baba peke yake. Pata majina ya Kiebrania ya wazazi wiki moja kabla, maana watu wengi hawayajui ya kwao.

Angalia jinsia. Kiswahili hakitofautishi, Kiebrania hutofautisha karibu kila neno: *ben* kwa mwanamume, *bat* kwa mwanamke, *mode* anasema mwanamume "nashukuru," *moda* anasema mwanamke. Karatasi iliyonakiliwa kutoka ibada ya mwanamume itamwita Miriamu mwana wa kiume mbele ya watu wote.

Wimbo wa kufungulia uwe *niguni*, sauti isiyo na maneno, au aya moja. Abayudaya, jumuiya ya Wayahudi wa karibu na Mbale, Uganda, huimba zaburi kwa Kiluganda na kwa sauti zao wenyewe, na zinakaa. Fanya vivyo hivyo kwa Kiswahili, ila usichukue sauti ya kwaya maarufu au kaswida inayojulikana: midomo itaimba zaburi na vichwa vitaimba yale mengine.

Mkiwa watu wazima kumi mnaohesabiwa kwa desturi ya jumuiya yenu, mnaweza kusema Kadishi de-Rabanan, sala ya kulitukuza Jina la Mungu, baada ya kujifunza mafundisho ya marabi juu ya andiko. Mkiwa tisa, rukeni. Msihesabu mtoto "kwa leo tu."

## Hatua ya 8: Panga siku

Jumatatu na Alhamisi asubuhi Torati husomwa, na Rosh Hodesh, mwanzo wa mwezi, ina furaha yake: siku hizi ni nzuri. Epuka Sabato kama ibada ina kuandika, kuwasha moto, ala za muziki au kubeba ufunguo barabarani pasipo eruvu, mpaka unaoruhusu kubeba vitu siku hiyo. Epuka wiki tatu za maombolezo kati ya 17 Tamuzi na 9 Av, na siku za kuhesabu Omeri zinazofuata Pasaka, isipokuwa siku ya 33. Siku kuu nazo hapana. Furaha moja haichanganywi na nyingine (Mo'ed Katan 8b).

Siku ya Kiyahudi huanza jua linapotua. Kwenye mwaliko andika "usiku wa kuamkia Alhamisi, saa 1," na hakuna atakayekuja siku isiyo yake.

## Hatua ya 9: Mpangilio wa dakika 25

1. Niguni, watu wakisimama: dakika 2.
2. Kiongozi anasoma sentensi ya nia: nusu dakika. Asiongeze.
3. Hesabu 8:23–26 na maelezo ya Rashi, wasomaji wawili: dakika 4.
4. Mlengwa anasema anachoacha na anachobaki nacho: dakika 3. Mpe kadi moja aandike hapo. Isiyo na mpaka itafika 15.
5. Kufunga mlango na kukabidhi ufunguo, kimya: dakika 2.
6. Baraka ya viungo. Bakuli linazunguka kimya, kisha wimbo mtulivu: dakika 4.
7. Tunda na Shehekheyanu: dakika 2.
8. Sala mpya, jibu, Mi Sheberakh: dakika 4.
9. Divai na baraka yake, *borei peri ha-gafen*, kisha mnaelekea mezani: dakika 3.

Soma yote kwa sauti na saa mkononi siku mbili kabla. Ikizidi dakika 30, kata maneno yako mwenyewe kwanza, kisha maelezo ya kiongozi. Usikate ukimya wa namba 5, ndio watakaoukumbuka.

## Yanayoharibika mara nyingi

Kiongozi anaeleza kila tendo. "Sasa Mwalimu atafunga mlango, ikiwa ishara ya…" Chapisha mstari mmoja wa maelezo kwenye karatasi, kisha anyamaze.

Mlengwa anashtukizwa. Ibada si sherehe ya kushtukiza. Akifungwa na kilio katikati ya baraka ambayo hakuijua, wote wataduwaa. Mpe karatasi siku tatu kabla.

Bakuli halifiki nyuma. Zaidi ya watu 20, weka mabakuli mawili. Kila anayenusa anahitaji kuwa amesikia baraka na kuitikia. Aliyechelewa asimame mlangoni asubiri.

Mtu anaitikia baraka yake mwenyewe. Anayebariki hasemi Amen. Wengine ndio husema. Andika *Wote:* mbele ya kila jibu.

Sala imenakiliwa mtandaoni. Mkusanyo wa Ritualwell na Open Siddur Project una sala mpya nyingi, na masharti ya matumizi hutofautiana. Yasome, mtaje mtunzi chini ya ukurasa, na ukibadilisha maneno yake sema umebadilisha.

## Baada ya ibada

Karatasi zenye Jina la Mungu kwa Kiebrania haziendi jalalani wala hazifungiwi maandazi. Zikusanye mlangoni na uziweke geniza ya sinagogi (ghala la maandiko yaliyochakaa), au zizikwe. Njia rahisi ni kuchapa ה׳ au "Hashem" tangu mwanzo, lakini kusanya hata hizo kama kuna aya ndefu za Torati ndani yake.

Hifadhi nakala moja yenye maandishi ya kalamu: dakika halisi, mahali watu walipochanganyikiwa, jibu ambalo hawakulitamka. Mstaafu wa pili atahitaji andiko lilelile na sala nyingine, na hiyo nakala itakuonyesha cha kubakiza na cha kuandika upya.